Upanga wenye jina la Tadayoshi wa Hizen: nitajuaje kama sahihi ni ya kweli?

Mlikoni_Nagoya

Wakuu, asalaam aleikum, na wengine wote habari za kwenu.

Niko Nagoya mwaka wa 14 sasa. Kazi yangu ni magari ya mtumba, nayapakia melini yanakwenda Mombasa na Dar. Mambo ya panga za Kijapani nilikuwa nayaona kwenye makumbusho tu, napita. Sasa yamenifika.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Saga, kule Kyushu. Mwakani anatimiza miaka 77, na huku umri huo una sherehe yake, wanaiita kiju. Mzee huyu ndiye aliyenifungulia mlango wakati wengine katika ukoo hawakutaka hata kulisikia jina langu. Nataka nimpe kitu ambacho akikishika atajua nimemfikiria yeye, si kitu cha dukani chenye utepe.

Tarehe 28 nilikwenda kwenye mnada wa vitu vya kale pale hekalu la Osu Kannon. Jirani na hapo kuna duka la vitu vya zamani, ndani nikaona katana. Mwenye duka aliutoa mpini, nikaoneshwa jina la mhunzi lililochongwa kwenye chuma: herufi tano, Hizen no kuni Tadayoshi, yaani Tadayoshi wa nchi ya Hizen. Hizen ndiyo Saga ya leo. Moyo ulinidunda, nakwambieni kweli.

Urefu wa ubapa ni shaku 2, sun 3 na bu 1, yaani kama sentimita 70. Tundu la kijiti kinachoushika mpini ni moja. Bei yen 680,000. Una kadi ya usajili ya mwaka wa Showa 26, yaani 1951, na mwenye duka aliigonga ile kadi kwa kidole mara mbili tatu akisema huo ndio uthibitisho, miaka ile waliosajili ni familia kubwa kubwa. Cheti kingine hana. Anasema vyeti vya ukoo viliungua.

Nimepiga picha nne, nimeziweka hapo chini. Ameniwekea upanga kwa siku kumi. Nauliza: hiyo sahihi ni ya kweli? Na mtu wa kawaida kama mimi anaangalia nini? Sitaki kumpelekea mzee jina la uongo la mji wake mwenyewe.

Chuma_cha_Gongolamboto

Mkuu, hongera kwa kumkumbuka mkweo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, panga za Kijapani sizijui, ila kutu naijua. Kwenye picha ya pili herufi hazionekani vizuri kwa sababu kutu imejaa ndani. Sugua na limau na chumvi, acha robo saa, pitisha brashi ya waya laini, kisha mafuta. Herufi zitatoka safi na utazilinganisha na za kweli mtandaoni.

Fundi_wa_Sakai

Mkuu Mlikoni, nimeacha chai ili nikuandikie hili kwanza: usipake chochote kwenye msuka, kile chuma kinachoingia ndani ya mpini. Si limau, si mafuta, si brashi. Ndugu yetu wa Gongo la Mboto ameshauri kwa nia njema, na kwa geti au nondo yuko sawa kabisa. Kwa upanga huu, ile kutu nyeusi ndiyo shahidi wako. Ubapa hung'arishwa upya kila baada ya vizazi kadhaa. Msuka hauguswi tangu siku mhunzi alipoweka tupa chini. Ukiusafisha, hata jina likiwa la kweli, hakuna tena wa kulithibitisha.

Sasa nijieleze, ili ujue nazungumza nikiwa nimesimama wapi. Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Niko Sakai, pembeni ya Osaka, mwaka wa 19. Sakai ni mji wa visu vya jikoni, na katika karakana yetu kazi yangu ni kunoa na kuchonga majina. Kisu kikikamilika nashika tindo ndogo kwa mkono wa kushoto na nyundo kwa wa kulia, nachonga jina la karakana kwa herufi za Kijapani bila kuchora kwanza. Mwaka wa kwanza niliharibu vyuma vingi vya mazoezi. Siku hizi mkono unakwenda wenyewe, na nikisimama katikati ya herufi kwa sababu simu imelia, pale niliposimama panaonekana. Nakuambia hili kwa sababu ndilo litakalokusaidia.

Mara moja kwa mwezi nakwenda kwenye kikao cha kujifunza panga. Utaratibu wao ni huu: panga tano zinalazwa mezani, misuka yote imefichwa ndani ya mipini. Unainua mmoja, unatazama umbo, unatazama nafaka ya chuma, ule mchoro wake kama wa mbao, unatazama hamon, ule mstari mweupe unaokwenda sambamba na makali. Kisha unaandika kwenye karatasi jina la mhunzi unayemdhani. Mipini hutolewa mwishoni. Wazee wa pale hawakubali mtu aanze na jina, kwa sababu ukishalisoma, macho yako yanaanza kulitafutia ushahidi. Mkuu, wewe ulianza na jina, na moyo ukakudunda. Mimi nilifanya vivyo hivyo, na nitakusimulia.

Kwanza tuimalize kadi ya usajili. Ile kadi hutolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Inaandika aina ya upanga, urefu, mpindo, idadi ya matundu, na jina kama linavyosomeka. Karani aliona herufi tano, akaandika herufi tano. Kuulizwa kama ni za kweli hakuulizwa. Maneno ya Showa 26 na familia kubwa utayasikia kila duka, na yana historia yake, maana mwaka ule nyumba nyingi za mabwana wa zamani zilisajili panga zao. Lakini nyumba za mabwana nazo zilikuwa na panga za majina ya kughushi, tena nyingi, kwa sababu mabwana walikuwa wakipeana panga kama zawadi na zawadi ilitakiwa iwe na jina kubwa. Chama kinachotoa vyeti vya uhakiki ni NBTHK, kilichoanzishwa mwaka 1948, chenye makumbusho yake Ryogoku, Tokyo. Vyeti vyake vya sasa vilianza mwaka 1982, na cha ngazi ya kwanza kinaitwa Hozon. Upanga ukionekana una jina la uongo, yaani gimei, haupewi cheti, hata ubapa wake uwe mzuri namna gani. Ndiyo maana nasita ninapoona jina la Tadayoshi linauzwa bila karatasi na mtu ambaye duka lake liko Nagoya. Angeutuma, ukipita angeuza kwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sasa Tadayoshi mwenyewe. Bwana wa Hizen, wa ukoo wa Nabeshima, alimtuma Kyoto mwaka 1596 akasome kwa Umetada Myoju, akarudi Saga mwaka 1598. Mwaka 1624 alipata cheo cha Musashi Daijo akabadili jina akawa Tadahiro, akafariki mwaka 1632. Mwanawe hakuwahi kusaini Tadayoshi, alisaini Tadahiro maisha yake yote. Mjukuu akalirudia jina la babu, na ukoo ukaendelea hadi mwisho wa enzi ya Edo, karne ya 19. Panga zao zilikuwa nyingi, nzuri, na zilijulikana nchi nzima, kwa hiyo jina hili ni miongoni mwa yanayoghushiwa sana.

Lakini wamekuachia mlango mmoja wa kuingilia. Katana huvaliwa kiunoni kushoto, makali yakitazama juu, na mhunzi wa kawaida huchonga jina upande unaotazama nje. Tachi, upanga wa zamani zaidi, ulining'inizwa makali chini, hivyo upande wa nje ukawa ule mwingine. Wahunzi wa ukoo wa Tadayoshi, wakitengeneza katana, walichonga jina upande wa tachi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yao. Kwenye wakizashi, ule mfupi, walirudi upande wa kawaida. Jaribu hivi: simamisha upanga ncha juu, jina likikutazama usoni. Makali yakiwa kulia kwako, ni upande wa tachi. Yakiwa kushoto, ni upande wa katana. Picha zako zimekatwa, sioni makali yako wapi. Mghushi wa haraka husahau jambo hili, kwa sababu anakuwa na karatasi ya jina mbele yake, upanga wenyewe hana.

Nenda dukani tena, na uombe ruhusa kabla ya kushika. Usiongee juu ya ubapa, mate yanaleta kutu. Chukua tochi ndogo na kioo cha kukuzia, uimulike sahihi kwa ubavu, si kutoka juu.

Tazama ndani ya mfereji wa herufi. Tindo ikipita kwenye chuma haikikwangui kikatoweka, inakisukuma pembeni, kwa hiyo kila mkwaju una kiukingo kilichoinuka kando yake. Mimi nakisikia kwa ncha ya kidole kila siku kwenye visu. Kwenye upanga wa miaka mia tatu kile kiukingo kimelainika, lakini kipo, na kutu yake ni ile ile ya pale pembeni: inapanda ukingoni na kushuka hadi chini ya mfereji bila kukatika, rangi moja. Jina likichongwa juu ya kutu ya zamani, tindo inalipasua lile gamba. Kando ya herufi unaona vipande vilivyobanduka, na chini ya mfereji rangi ni nyingine, ya chai au ya chungwa, au nyeusi ya kupaka isiyo na kina.

Kisha tazama mistari ya tupa. Tupa hupita kwanza, jina hufuata, kwa hiyo herufi ndiyo inayoikata mistari. Ukikuta mistari ya tupa imepita juu ya herufi, au imefifia pale tu jina lilipo na juu na chini iko wazi, jiulize nani alirudi pale na kwa nini.

Wewe ni mtu wa magari. Chesisi ikipigwa msasa na namba ikagongwa upya, unajuaje? Hutazami namba. Unatazama bati kuzunguka namba, kama limekuwa jembamba, kama rangi ni ya mwaka mwingine. Basi kapime unene wa msuka. Msuka mzima hupungua unene taratibu kuelekea mwisho. Ukiingia bonde pale penye jina kisha ukapanda tena, kuna jina lingine lililofutwa hapo.

Na herufi zenyewe? Nimeziacha nyuma makusudi, kwa sababu kila mtu hukimbilia hapo, analinganisha umbo na picha ya mtandao. Umbo ndilo mghushi alilolifanyia mazoezi. Wewe tafuta mwendo. Mhunzi aliyechonga jina lake maelfu ya mara hachori, anaandika, na vipigo vya nyundo vina umbali unaolingana. Anayenakili anasimama kila kona kutazama karatasi. Mkwaju wake unaanza vizuri, unasita, unaendelea kwa kina kingine. Tazama hasa ule mraba wa chini wa herufi ya yoshi: kona ya juu kulia, tindo inapogeuka. Hapo mkono wa mwenyewe hugeuka bila kupumzika.

Nikutahadharishe jambo moja ili usimhukumu mtu bure. Wapo wanafunzi waliomchongea bwana wao jina kwa ruhusa yake, kwenye karakana yake. Jina hilo haliitwi la uongo, na herufi zake hutofautiana kidogo na za bwana. Tena kutu ya zamani peke yake haimsafishi mtu. Karne ya 19 palikuwa na mhunzi wa Edo, Tokyo ya leo, Hosoda Naomitsu, aliyejulikana kama Kajihei. Alighushi majina makubwa kwa ustadi mkubwa, Kotetsu likiwa mojawapo, na nakala za sahihi alizozighushi zimebaki hadi leo. Kazi yake ina kutu ya kweli ya miaka zaidi ya mia na hamsini. Ndiyo maana Wajapani husema ukiona Kotetsu, dhani ni ya uongo.

Sasa langu. Miaka kumi iliyopita nilinunua wakizashi kwa muuzaji mmoja, jina Tsuda Echizen no kami Sukehiro, mhunzi mkubwa wa Osaka. Nyuma kulikuwa na tarehe: Kanbun mwaka wa 10, yaani 1670. Nilitoa akiba ya miaka miwili. Niliutuma kuhakikiwa, ukarudi bila cheti. Nikaupeleka kwenye kikao. Mzee mmoja aliutazama ubapa muda mrefu, akaugeuza, akasoma jina, akasoma tarehe, akaniuliza kwa upole kama najua Sukehiro alibadili mwandiko mwaka gani. Sikujua. Mwanzo alichonga herufi ya Tsuda kwa kona za mraba. Mwaka 1674 ndipo alipoanza kuichonga kwa mviringo, kama wino wa brashi. Jina langu lilikuwa la mviringo, tarehe ya 1670. Aliyelichonga alichukua jina kwenye karatasi moja na tarehe kwenye nyingine.

Hela iliniuma, sitaficha. Lakini kilichonikaa moyoni hadi leo ni kitu kingine. Yule mzee alisema ubapa ni wa Osaka, wa wakati ule ule, na ni mzuri. Kuna mtu aliufua. Alikunja chuma, akapaka udongo, akautumbukiza majini usiku akisikiliza kama utapasuka, ukatoka mzima, akachonga jina lake. Baadaye mwingine akaona jina hilo halina bei, akalipiga tupa. Mimi nachonga majina kila siku, najua mtu anavyojisikia anapomaliza herufi ya mwisho. Mhunzi yule ndiye aliyeibiwa kwanza, kabla yangu.

Nenda kapime, mkuu, kisha urudi hapa.

Chuma_cha_Gongolamboto

Nimesoma yote. Naufuta ushauri wangu wa limau, Mlikoni usiufuate. Fundi, hiyo habari ya tindo kusukuma chuma pembeni ni kweli tupu, mimi nimeiona kwenye bati kila siku sikuwahi kuifikiria hivyo.

Bi_Hifadhi

Naongezea kidogo. Nafanya kazi ya kuhifadhi vyuma kwenye makumbusho huku Uholanzi. Kutu nyeusi iliyobana ni tulivu, inakilinda chuma kilicho chini yake. Nyekundu ndiyo inayokula. Pangusa msuka taratibu na kitambaa cheupe kikavu cha pamba. Ukiachiwa unga mwekundu au wa chungwa, hiyo ni kutu changa, na msuka wa miaka mia tatu na zaidi usiwe nayo isipokuwa ulilowa karibuni. Wanaozeesha chuma kwa tindikali na chumvi mara nyingi wanapata rangi iliyo sawa mno, kama imepakwa. Kutu ya kweli ina sehemu nene na nyembamba, na chini ya habaki, ile koa ya shaba iliyo mwanzoni mwa ubapa, huwa tofauti na kwenye mpini.

Mlikoni_Nagoya

Fundi, Bi Hifadhi, Mungu awalipe. Nimetoka dukani jioni hii. Nilikwenda na kalipa yangu ya kupimia diski za breki, nikaifunga ncha zake kwa utepe wa karatasi isije ikakwaruza. Mwenye duka alishangaa lakini aliruhusu.

Ncha juu, jina likinitazama: makali yako kushoto.

Unene karibu na mwanzo wa msuka ni milimita 7.2. Katikati ya jina 6.1. Chini ya jina, kuelekea mwisho, 6.4. Nimepima mara tatu, kila mara vile vile.

Ndani ya herufi kuna rangi ya chai ya maziwa. Nje ni nyeusi. Kwenye herufi ya kuni, ile yenye fremu kubwa, gamba limebanduka upande wa kulia, vipande kama mabaki ya rangi kwenye mlango wa zamani. Kile kiukingo nimekisikia kwa kidole, kikali. Mistari ya tupa iko wazi juu, inapotea penye jina, inarudi chini.

Kitambaa kilitoka na unga kidogo wa chungwa, kwenye jina tu.

Ubapa nimeutazama mwisho, nisamehe, bado sijazoea. Hamon inapanda na kushuka kama milima midogo, na nafaka ya chuma ni kubwa, inaonekana hata bila kioo, kama mbao ya mninga.

Nilikaa kwenye gari nusu saa kabla ya kuwasha.

Fundi_wa_Sakai

Pole, mkuu. Na hongera pia, umepima vizuri kuliko wengi wanaojiita wataalamu.

Chuma cha Hizen kinasifika kwa nafaka laini sana, Wajapani huifananisha na pumba za mchele zilizochekechwa, na hamon yake maarufu ni mstari ulionyooka, upana mmoja kama mkanda tangu chini hadi juu. Tadayoshi alifanya mawimbi pia, kwa hiyo mawimbi peke yake yasingenitosha. Nafaka kama mninga ndiyo inayonishinda. Ukijumlisha na upande wa jina, bonde la milimita 6.1, gamba lililobanduka na unga wa chungwa, mimi sina shaka: jina hilo si la Tadayoshi, na si la zamani. Kuna mwingine alikuwa hapo kabla.

Usilipe bei ya Tadayoshi. Ukiupenda ubapa wenyewe, lipa bei ya upanga usio na jina, nayo ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Na upanga wowote utakaonunua Japani, kumbuka una siku 20 za kuitaarifu bodi ya elimu ya mkoa ulioandikwa kwenye kadi kwamba mwenye mali amebadilika.

Ndugu_wa_Kobe

Samahani kuingilia. Fundi, kwa nini asiununue kwa bei ya chini, akampelekea mng'arishaji aliondoe hilo jina, kisha akautuma NBTHK kama upanga usio na jina? Inafanyika kila siku, na wataalamu watamtajia angalau mhunzi au shule wanayoidhani.

Fundi_wa_Sakai

Inafanyika, na wapo ninaowaheshimu wanaofanya hivyo. Kwangu nimekataa. Wakizashi yangu bado ina jina la Sukehiro la uongo. Msuka ule umeshapigwa tupa mara moja na mtu aliyedhani anajua kinachofaa. Nikiupiga mara ya pili, hata kile kidogo kilichobaki cha mhunzi wa kwanza, mkia wa mkwaju mmoja unaoonekana chini ya herufi ya hiro nikiumulika kwa ubavu, nacho kitakwenda. Nimeutazama mkia huo miaka kumi. Huenda siku moja mtu mwenye macho kuliko yangu ataujua ni wa nani. Ila upanga ukiwa wa Mlikoni, uamuzi ni wake.

Mlikoni_Nagoya

Nimerudi dukani jana. Sikutumia neno uongo. Nilimwambia tu kwamba vipimo vimenitia wasiwasi, nikamwonesha. Hakukasirika. Aliniomba kalipa, akavaa miwani, akapima mwenyewe mara nne, akaandika namba kwenye kikaratasi. Kisha akachukua kibao cha bei kilichokuwa mbele ya upanga akakigeuza kikalala kifudifudi. Alisema naye aliununua kwa jina hilo hilo.

Upanga nimeuacha. Usiku nikamweleza mke wangu kila kitu, na yeye, bila kuniuliza, akampigia baba yake simu. Nilidhani zawadi imeharibika. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: chuma chenyewe kikoje? Anapanda treni tarehe 17, na tarehe 18 nitampeleka Osu auone. Amesema msuka ubaki ndani ya mpini, yeye atatazama ubapa.

Fundi_wa_Sakai

Mfikishie shikamoo yangu. Akiwa ameushika, mwombe akuoneshe hamon inavyogeuka ndani ya ncha, panaitwa boshi. Kwenye picha zako zote nne ncha imekatwa, na ndipo mahali pa kwanza ambapo ningemtafuta yule mhunzi.